Rocksteady Haikufa kwa Uzee

Bendi yoyote ya leo ikithubutu kutoa albamu yenye mlio wa Kingston ya mwaka 1968, hukumu yake huwa imeshaandikwa kabla wimbo wa kwanza haujaisha. Watu wa kopi hawa. Wamevaa kofia za babu zao, wamejifungia kwenye miaka ambayo wazazi wao walikuwa bado watoto, wanaigiza badala ya kupiga muziki. Muziki unatakiwa kwenda mbele, tunaambiwa. Anayetaka ya zamani akasikilize ya zamani yenyewe, nakala ya nini? Maneno haya yamezoeleka kiasi kwamba hata anayeipenda bendi ya namna hiyo hujitetea kwanza: "Najua hakuna jipya hapa, lakini..." Mimi sijitetei. Wanaotoa hukumu hii hawaijui historia ya muziki wanaojifanya kuulinda, na kelele zao zimeshazidi.

Tuanze na bendi moja, The Aggrolites wa Los Angeles. Nawachagua wao kwa sababu wana kila kinachowaudhi wakosoaji. Ni watu wa California. Wanapiga reggae ya mwanzo kabisa, ile ya 1968 hadi 1971 hivi, kabla mahubiri ya Rasta hayajashika usukani. Ogani ya Roger Rivas inachemka chini kwa chini wimbo mzima, mikono miwili ikipokezana kujaza nafasi ambazo gitaa limeziacha, na juu yake Jesse Wagner anaimba kwa sauti ya mikwaruzo ya mtu aliyelishwa soul tangu utotoni. Wala hawafichi wanachofanya. Albamu yao ya kwanza, ya mwaka 2003, waliiita Dirty Reggae, reggae chafu, kama vile wanakuambia mapema usitegemee kitu kilichopigwa pasi.

Wakosoaji hawapendi kutaja jinsi bendi hiyo ilivyozaliwa. Mwaka 2002 wanamuziki wa bendi mbili za mjini humo walikusanyika ili kumpigia Derrick Morgan. Kwa asiyemfahamu, Morgan ni mmoja wa wafalme wa ska. Jamaica ilipopata uhuru mwaka 1962, Forward March yake ilikuwa miongoni mwa nyimbo za kuusherehekea. Alifanya kazi na Leslie Kong, prodyuza aliyemrekodi Bob Marley kwa mara ya kwanza mwaka huohuo. Sasa mzee kama huyo akialikwa Marekani miaka 40 baadaye, nani ampigie? Vijana wa dancehall wenye kompyuta? Wapiga disko? Alihitaji watu wanaojua gitaa la 1967 linakata wapi na besi inanyamaza wapi. Kwa hiyo hao wanaoitwa wanakili walianza kama wasindikizaji wa mwenye mali, mwenye mali akiwa hai na kipaza sauti mkononi.

Lakini tuseme sawa, wamesindikiza, wamalize waondoke. Kwa nini waendelee kutunga nyimbo zao wenyewe kwa mtindo uliopitwa na wakati? Hapo ndipo kosa la hukumu yote lilipo, kwenye hilo neno "kupitwa". Watu huusoma mfuatano wa muziki wa Jamaica, ska, kisha rocksteady, kisha reggae, kisha dub na dancehall, kana kwamba kila mtindo ulifanya kazi yake ukaimaliza, ukazeeka, ukazikwa kwa heshima, na mwingine ukashika nafasi. Waulize basi ilikufaje hiyo ska.

Bendi iliyoijenga ska kuliko nyingine zote, The Skatalites, iliishi miezi 14 hivi, tangu katikati ya 1964 hadi Agosti 1965. Miezi 14 tu! Na haikuvunjika kwa kuishiwa. Januari 1965 mpiga tromboni wao, Don Drummond, ambaye ndiye aliyekuwa mtunzi wao mkubwa, alimuua mpenzi wake Anita Mahfood, mcheza dansi aliyejulikana jukwaani kwa jina la Margarita. Drummond aliishia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Bellevue, akafia humo mwaka 1969. Bendi iliyumba miezi michache ikagawanyika, Tommy McCook na saksofoni yake akaenda kwa prodyuza Duke Reid, Roland Alphonso na Jackie Mittoo wakabaki kwa mpinzani wake, Coxsone Dodd wa Studio One. Hicho ndicho kifo cha ska. Mwanamke ameuawa, mtunzi amefungiwa, wenzake wametawanyika. Anayekiita kifo hicho uzee ana tafsiri yake mwenyewe ya uzee.

Rocksteady ndiyo inayonisikitisha zaidi. Ilianza 1966, mwendo ukapunguzwa karibu nusu, besi ikapata nafasi ya kutembea na kusimama inapotaka, waimbaji wakaacha kupiga kelele juu ya matarumbeta wakaanza kuimba kweli. Kufikia 1968 Toots na wenzake wa Maytals wameshatoa Do the Reggay, na kila mtu amehama. Miaka miwili na kitu. Gitaa lililoitengeneza sauti hiyo lilikuwa la Lynn Taitt, mtu wa Trinidad aliyehamia Kingston, na mwaka huohuo wa 1968 alifunga mizigo akaenda Canada. Mittoo naye hakukaa sana, akaelekea Toronto. Ukiwaondoa wawili hao kwenye studio za Kingston, umeondoa mikono iliyokuwa imeshika sehemu kubwa ya kazi. Mtindo ulibaki kama nyumba ambayo fundi amesafiri kabla ya kuezeka.

Halafu kulikuwa na soko lenyewe. Nyimbo hizi zilitengenezewa mitambo ya muziki ya mitaani, zile saundi za Coxsone, za Duke Reid, za Prince Buster, zilizoshindana kila wikiendi kuvuta watu kwenye uwanja wao. Aliyekuwa na wimbo ambao mwenzake hana, ndiye aliyejaza uwanja. Walifikia hatua ya kukwangua lebo za santuri ili mpelelezi wa upande wa pili asijue wimbo unaitwaje wala nani kaupiga. Kwenye soko la namna hiyo mtindo hauachwi kwa kuwa umechakaa. Unaachwa kwa kuwa jirani ameshaupata. Hasira ya leo dhidi ya bendi zinazorudi nyuma ni hasira ya mwenye saundi, anayetaka kitu ambacho mwenzake hajakisikia, basi. Mwenye saundi alikuwa na biashara ya kulinda. Sisi wasikilizaji tunalinda nini?

Na ajabu ni kwamba kanuni hii ya kwenda mbele daima hatuitumii kwingine. Siti binti Saad alirekodi santuri zake za kwanza Bombay mwaka 1928. Bi Kidude alizibeba nyimbo zake hadi karne ya 21, na hakuna mtu mwenye akili timamu aliyesimama Zanzibar akamwambia aache ya kale aende mbele. Kijana wa leo anayejifunza kupiga qanun kwa kumfuata mwalimu wake hatua kwa hatua tunamsifu kwa adabu. Mpiga piano wa Paris anayepiga jazi ya miaka ya 1940 anaitwa msanii makini. Ikifika zamu ya muziki wa watoto wa Trenchtown, mtaa wa Kingston, ghafla tunadai kila miaka mitatu utupwe, uletwe mpya, kana kwamba ni simu.

Tuje kwenye kopi. Wanaolitumia neno hili kama tusi wangeshangaa kama wangefungua daftari la Jamaica yenyewe. Guns of Navarone ya Skatalites ni muziki wa filamu ya Hollywood. My Boy Lollipop, wimbo uliompeleka Millie Small duniani mwaka 1964 kwa mpangilio wa Ernest Ranglin, ulikuwa umeshaimbwa Marekani na Barbie Gaye mwaka 1956. Dawn Penn aliimba You Don't Love Me kwa Coxsone mwaka 1967 kutokana na wimbo wa bluzi wa Willie Cobbs, nao ulikuwa umechota kwa Bo Diddley. Penn akakaa miaka mingi nje ya muziki, akaurudia wimbo uleule, na mwaka 1994 dunia nzima ikaimba naye ile "no, no, no". Ipi ni asili hapo na ipi ni kopi?

Fuata ridimu moja tu, yaani mdundo mmoja, uone. Alton Ellis aliimba I'm Still in Love with You mwaka 1967. Miaka kumi baadaye prodyuza Joe Gibbs akaupigisha upya mdundo wake, Marcia Aitken akaimba juu yake. Trinity akaja na mdundo huohuo, akajisifia suti yake ya vipande vitatu. Wasichana wawili wa shule, Althea na Donna, wakamjibu kwa Uptown Top Ranking, na mwanzoni mwa 1978 wakawa namba moja Uingereza. Miaka ya mwanzo ya 2000 Sean Paul akaurudisha tena wimbo wa Ellis, vijana wa Afrika Mashariki wakaucheza kwenye harusi wakidhani umetungwa jana. Ndivyo kazi inavyofanyika Jamaica. Mdundo ukishapatikana ni kama uwanja wa kijiji, kila kizazi kinaingia na timu yake. Kwa muziki wa aina hiyo, kumshtaki mtu kwa kurudi nyuma ni kumshtaki kwa kuufuata utaratibu wa wenyewe.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Rico Rodriguez. Huyu alisoma Alpha Boys' School ya Kingston, shule ya watawa iliyowalea watoto wa familia maskini na kuwapa bendi ya kupulizia. Humo alijifunza tromboni chini ya Don Drummond aliyemtangulia. Sister Mary Ignatius, mtawa aliyeisimamia bendi hiyo kwa miongo mingi, alikuwa na santuri zake na mitambo yake ya muziki, akiwapigia wavulana. (Ningependa kumwona mkosoaji anayejiita mlinzi wa reggae akibishana na sista huyo.) Rico alihamia Uingereza. Mwaka 1967 Dandy Livingstone alirekodi London wimbo A Message to You Rudy, na tromboni inayosikika humo ni ya Rico. Mwaka 1979 vijana wa Coventry, The Specials, wakaurekodi upya. Tromboni? Ya Rico tena. Mtu yuleyule, pumzi ileile, miaka 12 imepita. Sasa nani amemwiga nani?

Na hawa The Specials ndio wanaovunja kabisa dai kwamba kufufua muziki wa zamani ni kukimbia mambo ya leo. Jerry Dammers alianzisha lebo ya 2 Tone mwaka 1979 kwenye mji wa viwanda vya magari ambavyo vilikuwa vinafunga milango. Bendi ilikuwa na weupe na weusi pamoja, Neville Staple na Lynval Golding wakiwa wamezaliwa Jamaica, wakati wabaguzi wa National Front wakiandamana mitaani kutaka watu kama hao warudishwe kwao. Nembo ya lebo, yule bwana wa suti nyeusi na kofia, ilichorwa kutokana na picha ya Peter Tosh kwenye jalada la albamu ya mwanzo ya The Wailers. Julai 1981 Ghost Town yao ilikuwa namba moja siku zilezile ambazo miji ya Uingereza ilikuwa inawaka kwa ghasia. Sijui wimbo mwingine uliokutana na siku yake kwa usahihi namna ile. Na ulipigwa na bendi ambayo, kwa kipimo cha wakosoaji wetu, ilikuwa imekwama mwaka 1964.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo siwezi kuipuuza, nayo ni ya jasho na malipo. Muziki huu ulitengenezwa na maskini. Wapigaji wa Studio One walilipwa kwa kazi ya siku, wakaenda zao. Maprodyuza walibaki na kanda, na mara nyingi jina la mtunzi kwenye lebo lilikuwa la mwenye studio. Halafu vijana wa nchi tajiri wanakuja, wanapendeza kwenye suti, wanauza tiketi. Uchungu huo ni wa kweli. Mwaka 1997, ska ya Kimarekani iliyochanganywa na panki ilipokuwa kwenye kila redio ya huko, zilikuwepo bendi ambazo kumbukumbu yao ya Jamaica iliishia kwenye fulana yenye miraba nyeusi na nyeupe. Hizo sizitetei, na zilipozama baada ya miaka michache sikutoa chozi.

Ila tuulize swali mahali pake. Uchungu wa malipo unamhusu anayelipa na asiyelipa, wala haumalizwi kwa kukataza mlio. UB40 wa Birmingham walipoimba Kingston Town mwaka 1989, wimbo wa Lord Creator wa mwaka 1970 ambao wengi walikuwa hawaujui, jina la mzee huyo lilirudi midomoni mwa watu na malipo ya utunzi yakaanza kumfikia uzeeni. The Skatalites wenyewe waliungana tena mwaka 1983, na kwa miaka mingi baada ya hapo Lloyd Knibb na Lloyd Brevett, dramu na besi ya bendi ya kwanza, walizunguka dunia wakiwapigia vijana walioletwa kwao na bendi hizihizi zinazotukanwa. Bila vijana wa Tokyo, wa Mexico na wa California kuipenda ska, wazee hao wangempigia nani? Kingston ilikuwa imeshahamia kwenye kompyuta, na ilikuwa na haki yake ya kuhama. Kwa hiyo akija kwangu mtu kuishtaki bendi ya kufufua, nitamuuliza kama imetaja watunzi, imelipa, imewapandisha wazee jukwaani walipokuwa hai. The Aggrolites hilo la mwisho walilifanya kabla hata hawajawa na albamu.

Tena tazama unafiki mdogo ulioko hapa. Miaka ya 2010 Jamaica yenyewe ilipata kundi la vijana, Chronixx, Protoje, Jah9, Kabaka Pyramid, walioiacha dancehall kwa muda wakarudi kwenye reggae ya miaka ya 1970. Sifa zikamwagwa. Ikaitwa mwamko, ikaitwa kuzaliwa upya. Nami niliwapenda, na Who Knows ya Protoje na Chronixx bado naipiga. Lakini walichokifanya kwa gitaa na dramu ni kilekile, walirudi nyuma miaka 40 wakachukua kilichoachwa. Kama kurudi ni dhambi, ni dhambi Kingston kama ilivyo Los Angeles. Na kama si dhambi Kingston, basi lawama yenu haikuwa juu ya muziki tangu mwanzo. Semeni wazi kwamba hamtaki sura za wapigaji, tubishane kwa hilo.

Nirudi kwenye kazi yenyewe, maana wengi wanaosema "kuiga ni rahisi" hawajawahi kukaa chumbani na watu wanaojaribu. Wanadhani kupata mlio wa zamani ni kununua maikrofoni chakavu na kuongeza mikwaruzo ya santuri. Studio One, pale Brentford Road namba 13, miaka ya mwanzo bendi nzima ilirekodi pamoja, chumba kimoja, kwenye mashine yenye njia moja na baadaye mbili. Hakukuwa na kusema sauti tutaiweka kesho. Mpiga saksofoni akitaka kusikika zaidi alisogea karibu na maikrofoni, akimaliza alirudi nyuma. Mpiga besi akikosea dakika ya tatu, watu tisa wanaanza upya. Bendi ya leo inayokubali kufanya kazi hivyo, wakati kompyuta ya bei ya kawaida ingewaruhusu kusahihisha kila noti, imechagua ugumu kwa makusudi.

Na ugumu huo una sababu yake ndani ya mdundo. Kwenye rocksteady na reggae ya one drop, pigo la kwanza la kila hesabu huachwa wazi. Mahali ambapo karibu kila muziki mwingine unatua mguu, huu unaacha shimo. Gitaa linakata la pili na la nne, dramu kubwa na ndogo zinakutana kwenye la tatu, na lile la kwanza linabaki la msikilizaji. Ukiipa kompyuta mpangilio huo itaupanga bila kosa hata chembe, na utasikia mashine inayohesabu. Wakiupiga watu wanaotazamana, mpiga dramu akichelewa kidogo tu nyuma ya besi, shingo yako inaanza kufanya kazi bila ruhusa yako. Knibb alikuwa anapanda kwenye kambi ya Count Ossie kule Wareika kusikiliza ngoma za Marasta, akazileta kwenye dramu ya jazi. Kitu cha namna hiyo hakisomwi kwenye karatasi. Kinapatikana kwa kukaa na santuri na kukosea mara nyingi mpaka mkono uelewe.

Ndiyo maana neno "kuigiza" linaniudhi kuliko mengine yote, na nikilisikia huwa namkumbuka Dan Klein. Alikuwa mwimbaji wa The Frightnrs, bendi ya Queens, New York. Mwishoni mwa 2015 aligundulika kuwa na ALS, ugonjwa unaoua mishipa ya fahamu inayoendesha misuli. Bendi ilikuwa na albamu ya rocksteady ya kukamilisha na kampuni ya Daptone, chini ya prodyuza Victor Axelrod, na Klein aliimba huku mwili ukimwishia nguvu. Alifariki Juni 2016. Albamu, Nothing More to Say, ikatoka Septemba. Isikilize. Ni nyimbo za mapenzi yaliyovunjika, kwa mtindo ulioachwa mwaka 1968, na sauti yake ni nyembamba, ya juu, haina hata nukta moja ya kujionyesha. Mtu aliyebakiwa na miezi hatumii miezi hiyo kuvaa kofia ya babu ya mtu. Aliimba rocksteady kwa sababu alikuwa na maneno ambayo hayakukaa vizuri mahali pengine popote.

Basi nani hasa ameugandisha muziki huu? Novemba 2018 UNESCO iliiingiza reggae kwenye orodha ya urithi wa binadamu, na watu walewale wanaoziita bendi za kufufua "makumbusho" walishangilia. Ingia kwenye matatu Nairobi au washa redio yoyote ya huku kwetu kipindi cha reggae, utasikia nini? Marley wa Legend, mkusanyiko uliotoka mwaka 1984, mwenyewe akiwa ameshafariki miaka mitatu. Culture. Burning Spear. Lucky Dube. Nawapenda wote, lakini orodha hiyo haijasogea tangu nikiwa na nywele nyingi. Avumaye baharini papa; Marley amevuma hadi watu wakadhani hakuna samaki mwingine aliyewahi kuogelea Kingston kabla ya 1973. Msikilizaji huyo hajawahi kumsikia Drummond, hajui Alton Ellis ni nani, na ukimwekea Reggae Hit L.A. ya The Aggrolites, ya mwaka 2007, anakunja uso: "Hii mbona ya kizamani?" Kaka, wewe unasikiliza nyimbo za 1977 kila siku ya Mungu. Kinachokushangaza hapa ni kwamba hii hujawahi kuisikia, na hiyo kwa kawaida ndiyo tunayoiita mpya.

Kama ni kuzikosoa bendi hizi, yapo ya kukosoa, na nitakaa meza moja na yeyote atakayeyaleta. Wanawake ni wachache mno. The Bodysnatchers, bendi ya wanawake watupu ya 2 Tone, ilikuwepo mwaka 1979, na tangu hapo majina mengine hayajawa mengi. Hollie Cook wa London anabeba mzigo ambao ungebebwa na kumi. Maneno ya nyimbo mara nyingi ni hafifu. The Aggrolites wenyewe, pamoja na ogani yao tamu, wana nyimbo ambazo ukizisoma kwenye karatasi hakuna kilichosemwa zaidi ya "njoo tucheze", na mtu aliyemsikia Toots akisimulia jela, au The Specials wakisimulia Coventry, ana haki ya kudai zaidi. Na wamekuwa waoga wa urefu: kwa nini mtu aliye huru na sekunde zote za dunia abaki kwenye dakika tatu ambazo santuri ndogo iliwalazimisha wenzake? Ska ya Drummond ilikuwa na njaa ya kwenda mbali kuliko santuri zake. Hapo pana kazi ambayo hajapatikana wa kuimaliza, na hapo ndipo ningetaka bendi hizi zisukumwe. Lakini msukumaji lazima kwanza awe amesikiliza, na kwa wengi wa wanaopiga kelele sasa hivi, naogopa itabidi tuanzie na Addis Ababa ya Skatalites, taratibu, wimbo mmoja kwa siku.